Maswali ya Wasomaji: Jicho Linalotiririka Machozi Laweza Kuwa Kavu

Tangu kiangazi kianze mwezi wa Januari, barua zinazohusu macho zimezidi barua za maradhi mengine yote katika ukurasa huu. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: macho yanachoma, yanawasha, yana mchanga usioonekana, na je, kuna la kufanya nyumbani kabla ya kwenda kupanga foleni hospitalini? Nimechagua barua tano na kuzifupisha bila kugeuza maana. Asiyeiona yake hapa aisome ya jirani.

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni wakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu hapa Nakuru, nina umri wa miaka 34. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni macho yangu huwa kwenye simu mbili na daftari. Ifikapo saa tisa alasiri nahisi kana kwamba nimetiwa mchanga, na nikitoka nje upepo ukinipiga machozi hunitiririka hadi wateja huniuliza nimefiwa na nani. Katika duka la dawa niliambiwa nina macho makavu. Macho yanayomwaga maji namna hii yatakuwaje makavu? Na je, naweza kuyatibu nyumbani bila kununua dawa kila mwezi? (Msomaji, Section 58, Nakuru)

JIBU: Dada yangu, aliyekuhudumia katika duka la dawa hakukosea, ingawa naelewa kwa nini maneno hayo yamekushangaza. Jicho lina machozi ya namna mbili. Yako yale yanayotandazwa juu ya jicho kila kope zinapofunga, ambayo hatuyahisi hata kidogo, na yako yale ya dharura, yanayomwagika tunapoingiwa na moshi, tunapokata vitunguu au tunapolia msibani. Machozi yale ya kwanza yanapokauka, uso wa jicho hubaki wazi, neva zake hushtuka, na tezi kubwa ya machozi hujibu kwa kumwaga yale ya dharura. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha, kwa hiyo hayakai. Huteremka mashavuni na kuliacha jicho likiwa kavu kama lilivyokuwa. Ni sawa na kumwagia maji paa la mabati saa sita mchana ukitarajia libaki limelowa.

Utando wa machozi ni mwembamba kuliko unywele, lakini umepangika. Chini kabisa kuna ute unaoushikilia juu ya jicho, katikati kuna maji yenye chumvi na kinga za mwili, na juu kuna tabaka la mafuta linaloyazuia maji yasikaushwe na hewa. Mafuta hayo hutoka katika tezi ndogo ndogo zilizojipanga kwenye ukingo wa kope, nyuma tu ya mstari wa nywele zake: kati ya 25 na 40 katika kope ya juu, na kati ya 20 na 30 katika kope ya chini. Kila unapopepesa macho, kope hukamua tezi hizo kidogo. Watu wengi wenye macho makavu hawana upungufu wa maji. Walicho nacho ni tezi zilizoziba, na ndani yake mafuta yamekuwa mazito kama mafuta ya kupikia ya kopo asubuhi yenye baridi kule Molo. Nalisisitiza hili kwa sababu tiba karibu yote ya nyumbani inatokana nalo: mafuta yaliyoganda huyeyushwa kwa joto, kisha hukamuliwa kwa kupepesa.

Hapo ndipo kazi yako inapoingia. Mtu anayezungumza na mwenzake hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, na akikodolea simu au kompyuta idadi hiyo hushuka hadi mara tano au saba. Majuzi nilimkalisha mbele yangu kijana mwenye kazi inayofanana na yako, nikampa simu yake asome ujumbe, nami nikahesabu kimyakimya. Kwa dakika nzima alipepesa mara nne, na katika mara mbili kati ya hizo kope ya juu ilishuka nusu tu kisha ikapanda tena, kama mtu anayechungulia dirishani na kujificha. Sehemu ya chini ya macho yake ilikuwa haijafunikwa kwa muda wote huo, na ndipo hasa wekundu ulipokuwa.

Ongeza hali ya hewa ya mji wako. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kiangazi chake ni kikavu na chenye upepo wa alasiri, na si bure kwamba wengi huelezea jina la mji huu kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Wazee wanaokumbuka miaka ambayo Ziwa Nakuru lilipungua maji watakusimulia jinsi upepo ulivyoinua vumbi jeupe la magadi hadi mitaani.

Sasa njoo kwenye tiba. Tafuta vitambaa vitatu vya pamba au taulo ndogo za uso, ambazo hazitumiwi na mtu mwingine. Mimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai katika bakuli safi, ongeza ya baridi hadi yafikie joto linalozidi kidogo lile la maji ya kumwogesha mtoto, yaani nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na uyajaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, si kwa vidole, kwani vidole vya mtu anayepika kila siku vimezoea moto na havisemi kweli. Lowesha kitambaa, kikamue, lala chali, kifunike juu ya macho yaliyofungwa. Baada ya dakika mbili kitakuwa kimepoa, na hapa ndipo watu wengi hukosea: hukiacha hapohapo dakika kumi wakidhani wanajitibu, ilhali kwa dakika nane wamelala na kitambaa baridi. Badilisha kitambaa kila kinapopoa, ongeza maji ya moto bakulini, na uendelee hadi dakika nane au kumi zitimie. Wapo wanaofunga yai lililochemshwa ndani ya kitambaa chenye unyevu kwa kuwa yai halipoi upesi. Njia hiyo inafaa, mradi kitambaa kiwe kinene na yai liwe limetulia joto, maana ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote mwilini na huungua haraka.

Mara tu baada ya joto, kabla mafuta hayajaganda tena, nawa mikono na upitishe ncha ya kidole taratibu: juu ya kope ya juu ukielekea chini, na juu ya kope ya chini ukielekea juu, bila kulikandamiza jicho lenyewe. Malizia kwa kufuta ukingo wa kope, pale nywele zinapoota, kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ukiondoa tongotongo na magamba meupe kama yapo. Zamani tulikuwa tukishauri tone la shampuu ya watoto katika maji hayo. Mimi nimeacha kuanzia nalo, kwa sababu kwa baadhi ya watu huongeza muwasho. Fanya hivi asubuhi na jioni kwa wiki nne kabla ya kusema kwamba haisaidii. Tezi zilizoziba kwa miaka hazifunguki kwa siku tatu.

Kazini, ishushe simu iwe chini ya usawa wa macho yako, kwa kuwa jicho linalotazama chini hufunikwa zaidi na kope na hivyo hupoteza maji kidogo. Kila baada ya dakika 20 inua uso, utazame kitu kilicho umbali wa mita sita au zaidi kwa sekunde 20, hata kama ni kibao cha duka lililo ng'ambo ya barabara, na upepese macho mara kumi kwa ukamilifu: funga hadi kope zigusane, tulia kidogo, fungua. Wateja watadhani unasinzia, waache wadhani. Kama una feni kibandani, igeuze isikupulize usoni.

SWALI: Mimi ni mshonaji katika soko la Kibuye, Kisumu. Mama mkwe ameniambia niweke asali machoni, jirani yangu anasema maziwa ya mama anayenyonyesha ndiyo dawa, na fundi mwenzangu hutumia maji ya chumvi ya kuchemsha mwenyewe. Katika simu nimeona watu wakisifu mafuta ya mbarika, mifuko ya majani ya chai na hata kukata vitunguu kwa makusudi ili machozi yatoke. Nifuate lipi? (Fundi cherehani, Kibuye)

JIBU: Fundi, kanuni ninayoitumia nyumbani kwangu ni hii: juu ya kope iliyofungwa naweza kuweka vitu vichache, ndani ya jicho siweki chochote kilichotoka jikoni. Sababu yake si dharau kwa wazee wetu. Uso wa jicho, tunaouita konea, hauna mishipa ya damu, na ndiyo maana ni angavu. Wadudu wakiingia mahali hapo penye mkwaruzo mdogo wa ukavu, kinga ya mwili huchelewa kufika, na kidonda chaweza kuenea kwa siku mbili tatu na kuacha kovu jeupe ambalo haliondoki. Nimeona makovu ya namna hiyo kwa watu ambao shida yao ya kwanza ilikuwa muwasho tu.

Maji ya chumvi ndiyo yanayodanganya zaidi, kwa sababu yanaonekana ya kitaalamu. Ni kweli kwamba machozi yana chumvi, na kwamba maji ya chumvi ya hospitali huwa na gramu 9 kwa lita. Lakini kijiko cha jikoni si mizani. Nilipokuwa mwanafunzi nilijitia maji ya namna hiyo niliyojitengenezea mwenyewe, nikiwa na hakika ya vipimo vyangu, nikashinda darasani jicho moja likiwa jekundu kama nyanya, nikajifunza kwamba chumvi ikizidi hulikausha jicho badala ya kulilowesha. Na hata ukipata kipimo, chupa uliyoyawekea haitabaki safi hadi kesho. Mwaka wa 2023 nchini Marekani, matone ya machozi ya bandia yaliyotengenezwa kiwandani yaliondolewa sokoni baada ya kugunduliwa kuwa yamechafuliwa na bakteria sugu, na watu kadhaa walipofuka na wengine kufariki. Ikiwa kiwanda chaweza kukosea kiasi hicho, sufuria yangu na yako hazina la kujitetea.

Asali ina sifa za kuua bakteria, na yapo matone yenye asali yaliyosafishwa na kutengenezwa maalumu kwa macho. Asali ya chupa ya sokoni si hayo; ina chavua, vumbi na mbegu za bakteria ambazo tumbo huzimudu na jicho haliwezi. Mwambie mama mkwe kwa upole kwamba utaitia kwenye chai. Maziwa ya mama ni chakula bora cha mtoto, lakini yakiwa jichoni ni chakula cha wadudu, na nalisema hili hasa kwa wanaowatilia watoto wachanga: mtoto aliyezaliwa juzi akitoa usaha machoni anahitaji kupelekwa hospitalini siku hiyohiyo, kwani maambukizi mengine anayoyapata wakati wa kuzaliwa huweza kumpofusha kwa muda mfupi sana.

Mfuko wa majani ya chai, ukiwa wa uvuguvugu na juu ya kope iliyofungwa, hufanya kazi ileile ya kitambaa cha moto nilichomweleza msomaji wa Nakuru. Kinachosaidia ni joto na unyevu, wala si chai, na ukipasuka utakuwa na kazi ya kutoa majani jichoni. Tango lililokatwa hutuliza kwa ubaridi wake. Mafuta ya mbarika yamejaribiwa na watafiti kwenye ukingo wa kope, lakini yakiwa yamesafishwa kwa kiwango ambacho mafuta ya nywele ya dukani hayakifikii. Kuhusu vitunguu, utapata yale machozi ya dharura tuliyoyataja, macho yatachoma, na baada ya robo saa utarudi ulikoanza, ila mboga itakuwa tayari.

Kwa fundi kama wewe nina shaka na mambo mawili ambayo hukuyataja. Kutunga uzi na kufuata mshono humfanya mtu akodoe macho kama anayesoma simu, na nyuzi nyembamba za vitambaa huelea hewani na kukaa kwenye kope. Mwanga wa taa uwe wa kutosha ili usilazimike kukodoa, na jioni unapooga usafishe ukingo wa kope. Isitoshe, kama umefikisha umri wa miaka 40 na una shida ya kuona tundu la sindano, huenda macho yanachoka kwa kukosa miwani ya kusomea, na hapo hata ukilala na vitambaa vya moto usiku kucha hutapona.

SWALI: Ninaendesha bodaboda kati ya Kakamega na Mumias. Macho yangu ni mekundu kila siku hadi abiria hudhani nimelewa. Kuna matone ninunuayo ambayo huyafanya meupe ndani ya dakika chache, lakini siku hizi nisipoyatia huwa mekundu kuliko zamani. Mwenzangu amenipa mengine yanayotuliza haraka zaidi. Nifanyeje? (Mwanabodaboda, Kakamega)

JIBU: Ndugu yangu, umejieleza vizuri kuliko vitabu. Matone ya kuondoa wekundu hufanya kazi kwa kuibana mishipa ya damu. Dawa ikiisha nguvu, mishipa hutanuka kupita ilivyokuwa, nawe unatia tena. Yaache kabisa, ukijua kwamba kwa siku kadhaa za mwanzo wekundu utazidi kabla ya kupungua.

Hayo ya mwenzako ndiyo yananitia hofu. Soma kibandiko: ukiona neno deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni dawa ya jamii ya steroidi. Hutuliza kweli, na kwa ugonjwa unaoihitaji ni dawa njema ikitolewa na daktari anayekupima. Ikitumiwa kiholela kwa wiki na miezi, huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho bila maumivu yoyote, ikauua mshipa wa kuonea, na huweza kuleta mtoto wa jicho kwa kijana ambaye hakustahili kuwa naye. Mtoto wa jicho tunamtoa kwa upasuaji. Uoni uliopotea kwa presha ya jicho haurudi. Kama umekwisha kuyatumia kwa zaidi ya wiki mbili, nenda ukapimwe presha ya macho. Hospitali ya rufaa ya kaunti yako ina kitengo cha macho, na kwa watu wa upande wenu Hospitali ya Macho ya Sabatia, iliyo katika kaunti ya Vihiga, haiko mbali.

Kilichobaki ni upepo. Helmeti yenye kioo kinachoshuka, au miwani iliyopinda na kuziba pembeni, ndiyo tiba yako kubwa. Miwani ya jua ya bapa huacha upepo uingie kwa ubavuni. Kioo kikiwa na mikwaruzo kibadilishe, la sivyo usiku utakipandisha na tutakuwa tumerudi palepale. Ukitaka matone, omba machozi ya bandia ya kulainisha tu, yenye kaboksimethiliselulosi au haipromelosi, na chupa ikishafunguliwa uitupe baada ya wiki nne hata kama haijaisha. Ukijikuta unahitaji kuyatia zaidi ya mara nne kwa siku, tafuta yale yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia bakteria chupani, kwani vihifadhi vyenyewe hukwaruza jicho vinapozidi.

Na kwa kila msomaji: jicho moja pekee likiwa jekundu na kuuma sana, mwanga ukiumiza, uoni ukififia, doa jeupe likionekana juu ya jicho, au kemikali ikiingia, hayo si macho makavu na si ya kungoja kitambaa cha moto. Kwa kemikali, osha kwanza kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha ukimbie.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka 61, naishi Mbale, Vihiga. Macho yangu yamekuwa makavu kwa miaka miwili. Nimekula karoti, nimekunywa glasi nane za maji kila siku, na mwanangu wa Nairobi hunitumia vidonge vya mafuta ya samaki. Sioni nafuu. Usiku hunywa Piriton ili nilale. Siku hizi hata ugali siwezi kuumeza bila kushushia maji, na vidole hukakamaa asubuhi. Nile chakula gani zaidi? (Mwalimu mstaafu)

JIBU: Mwalimu, nakujibu kuhusu chakula kwa kuwa umeuliza, lakini nimeisoma barua yako mara tatu kwa sababu ya yale uliyoyaandika mwishoni kana kwamba ni ya kupita.

Vitamini A ikipungua mwilini, jicho hukauka kweli, na dalili yake ya mwanzo ni mtoto kushindwa kuona gizani, akawa anajigonga kwenye viti jioni wakati wenzake wanacheza. Ndiyo maana watoto wa Kenya wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa vitamini hiyo kila baada ya miezi sita, na ndiyo maana viazi vitamu vya rangi ya chungwa vimehimizwa sana katika mashamba ya Busia na Homa Bay. Ini, mayai, maembe, papai, managu, kunde na sukuma wiki zilizopikwa kwa mafuta kidogo hutosha kabisa. Lakini mtu mzima anayekula hivyo hana pengo la kuziba. Karoti ya kumi haitafanya ambalo ya pili haikulifanya, na vidonge vya vitamini A vya ziada huweza kudhuru ini.

Mafuta ya samaki yalisifiwa kwa miaka mingi, mimi mwenyewe nikiwa miongoni mwa waliosifu. Mwaka wa 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 535 wa macho makavu: kundi moja lilipewa miligramu 3,000 za omega-3, yaani mafuta ya samaki, kila siku kwa mwaka mmoja, kundi jingine likapewa mafuta ya mizeituni bila kujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuonekana. Kula omena na mbuta kwa sababu ni kitoweo kizuri na ni afya kwa moyo, ila mwambie mwanao pesa za vidonge azitume kwa matumizi mengine. Kuhusu maji, kunywa ya kutosha kiu yako. Yakizidi hayaendi machoni.

Sasa turudi mwishoni mwa barua. Piriton ni dawa ya mzio ya kizamani inayopunguza majimaji ya mwili, yakiwemo mate na machozi, na kuitumia kama dawa ya usingizi kila usiku ni sababu tosha ya macho kukauka. Zungumza na mhudumu wako wa afya kuhusu kuiacha na kuhusu usingizi wenyewe. Dawa nyingine, kama amitriptilini na baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo, hufanya vivyo hivyo, ingawa hizo usiziache mwenyewe. Kukoma kwa hedhi nako hupunguza machozi kwa wanawake wengi.

Hata hivyo, macho makavu, mdomo mkavu kiasi cha kushindwa kumeza ugali, na viungo vinavyokakamaa asubuhi, vikikutana kwa mwanamke wa umri wako, vinanitaka nikutume hospitalini mwezi huu. Yupo daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, ambaye mwaka wa 1933 aliwaeleza wanawake waliokuwa na mkusanyiko huohuo, na ugonjwa huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. Ndani yake kinga ya mwili huzishambulia tezi za machozi na za mate, na mara nyingi huandamana na ugonjwa wa viungo. Sisemi unao; nasema upimwe. Kipimo cha machozi hakiumizi: utawekewa ukanda mwembamba wa karatasi kwenye kope ya chini, utafumba macho dakika tano, kisha wapime kwa milimita umbali ambao unyevu umefika. Ukanda ukilowa chini ya milimita tano, tezi zina upungufu mkubwa. Waombe pia wakupime damu kwa ajili ya ugonjwa wa viungo, sukari na tezi ya shingoni. Wakati unangoja, endelea na vitambaa vya moto, weka beseni la maji chumbani unapolala ili hewa isikauke, usafishe meno kwa bidii kwa sababu mdomo mkavu hutoboa meno haraka, na kama bado unapikia kuni, pikia nje au penye dirisha wazi.

Jambo moja la kuuliza nyumbani: mtu akuangalie ukiwa umelala. Wapo watu ambao kope zao hazifungi sawasawa usiku, wakaamka macho yakichoma kuliko yalivyokuwa jioni. Hao husaidiwa na mafuta mazito ya macho yanayouzwa kwenye mrija mdogo, ambayo hupakwa wakati wa kulala kwa kuwa huleta ukungu wa kuona.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu Njoro. Navaa lenzi za macho za rangi na zinakauka kufikia adhuhuri. Naweza kuzilowesha kwa maji ya bomba, au kwa mate kidogo, nikazirudisha? (Mwanafunzi, Njoro)

JIBU: Hapana, binti yangu, wala kwa maji ya bomba wala kwa mate. Maji ya bomba huweza kuwa na amiba ambaye hujificha chini ya lenzi na kuitafuna konea. Matibabu yake huchukua miezi, na maumivu yake wagonjwa huyaeleza wakilia. Mate nayo yana bakteria wa mdomoni. Tumia maji maalumu ya lenzi pekee, zitoe kabla ya kulala na kabla ya kuoga, na uzipumzishe kabisa hadi ukavu utulie, ukivaa miwani kama unaihitaji. Kama ulizinunua kwa muuza vipodozi bila jicho kupimwa, usizirudishe tena. Lenzi ya rangi ni kifaa cha tiba kama zilivyo nyingine, na isiyokutosha huzuia hewa kufika kwenye jicho. Kikopo cha kuzihifadhia kioshwe kwa maji hayohayo ya lenzi, kiachwe wazi kikauke kikiwa kimeinamishwa, na kibadilishwe kila baada ya miezi mitatu.